Kuitikiwa Kutoka Ufukweni

Napoopoo, Ghuba ya Kealakekua
2 Machi 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Las Vegas, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi tuko salama. Bibi bado anakohoa asubuhi, ila ukimuuliza anasema ni vumbi.

Nimefurahi mno kusikia unakuja huku kisiwani Aprili na wenzako wa kazi ya jikoni kupiga makasia ya kayaki na kuogelea kwa miwani kutazama samaki. Lakini umeandika kwamba utalala hotelini mjini Kona na nyumbani hutafika. Nilimsomea Bibi. Akasema tu, "Kumzika baba yake hakuja, leo anakuja kutazama samaki," akaendelea kuponda magimbi.

Sijui ni hasira au ni huzuni. Lakini nina wazo. Shuleni tumefundishwa wimbo wa kuomba ruhusa: anayefika kwa mtumbwi hakanyagi nchi kavu, huimba akiwa majini na kungoja mwenyeji amwitikie. Ukipita mbele ya nyumba, simamisha kayaki uimbe. Majibu yake, Bibi ndiye amewafundisha watu wa hapa wote. Hawezi kunyamaza.

Mwanao,
Nohea

Las Vegas
15 Machi 1998

Mwanangu Nohea,

Marahaba. Mgongo unavumilika. Nipe habari za kikohozi, usinifiche.

Wazo lako nimelitafakari siku kadhaa. Wenzangu hawajui kwa nini niliipigania safari hii. Peke yangu nisingethubutu. Basi nitaimba. Jumamosi tarehe 18 Aprili tutavuka ghuba asubuhi hadi kwenye matumbawe ya Kaawaloa, ng'ambo, turudi kabla ya upepo wa mchana. Mama akiitikia, nitapanda hadi nyumbani. Akinyamaza, nitajua amenikataa, nami sitamsumbua tena maishani. Tafadhali usimsihi. Mwache aamue mwenyewe.

Baba yako

Napoopoo
18 Aprili 1998

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina utulivu wa kukuuliza hali. Bwana Kimo anayekodisha kayaki ameahidi kukufikishia barua hii hotelini kabla ndege yako haijaondoka kesho.

Nilikuona. Uliimba mara mbili, na ya pili sauti ilikukatika. Nilimsikia yule mwenzako wa kofia nyekundu, "Mzee, unaliimbia jiwe?" Na mwingine, "Twendeni bwana, upepo huo unakuja!" Bibi alikuwa barazani, ameshika nguzo, kimya. Mimi jibu lote nilikuwa nalo mdomoni, lakini mtoto haitikii mwenyeji akiwepo. Nikanyamaza mpaka mkageuza.

Ndipo nikamlilia, "Bibi, kwa nini umemkataa?"

"Nani kamkataa?" akafoka. "Wimbo ule ni wa wageni! Mtoto nimemzaa chumba kile pale, leo anasimama majini kuniomba ruhusa kama mtalii? Nimwitikie nini? Nikimwitikia, si nimekubali kwamba ni mgeni? Nani kamtia upuuzi huo kichwani?"

Baba, ni mimi. Niliujifunza wimbo vizuri sana, nikapata alama zote, wala sikuuliza nani haruhusiwi kuuimba. Nilimwambia Bibi ukweli. Hakunigombeza. Aliketi chini pale pale barazani akalia, na mimi sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyompeleka Babu kuzikwa ghubani.

Tafadhali usiondoke. Usiimbe, usibishe hodi. Pita tu mlango wa jikoni kama zamani. Bwana Kimo anasema asubuhi barabarani huwa kuna foleni na hana hakika atawahi. Kama umeshapanda ndege, sijui nitamtazamaje Bibi usoni.

Mwanao,
Nohea

Kona
19 Aprili 1998

Nohea,

Marahaba, mwanangu. Kimo alinikuta mlangoni, mizigo ikiwa tayari garini. Wenzangu wametangulia uwanja wa ndege; wa kofia nyekundu amenikumbatia bila kuuliza kitu. Namrudisha Kimo na karatasi hii anitangulie, kwa maana mimi kwanza nashusha mizigo garini. Usisumbuke na mwandiko.

Kosa si lako. Mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Usimwambie Bibi kwamba nakuja, asije akaanza kunitayarishia kama mgeni.

Baba yako