Nyaya za Karibu na Mashine

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na singa za mkonge hazikukauka, kwa hiyo kazi imekatika mapema. Mwili umechoka ila moyo umetulia. Naandika.

Mimi ni mtu wa Kasulu. Huku Korogwe nimeletwa na mkonge. Mashine ikishamenya majani, sisi wanawake tunazibeba singa mbichi begani, zinachuruzika maji, tunakwenda kuzianika kwenye nyaya. Nyaya za mbali ndizo zinazovunja mgongo. Za karibu na mashine tulikubaliana wenyewe kuwa ni za wajawazito.

Tangu kiangazi hedhi yangu imekuwa ya ajabu. Inapotea, nasahau, halafu inarudi kama bomba lililopasuka. Navaa vitambaa viwili na khanga nyeusi juu yake, na bado nageuka kila mara kujitazama nyuma. Joto linanipanda usoni hata kukiwa na baridi. Nikipanda kilima kidogo tu, moyo unanienda mbio.

Na udongo. Nimekuwa nikila ule udongo wa sokoni kama mtoto na pipi.

Wenzangu wakaniona natafuna. Hawakuuliza kitu, wakanisukuma kwenye nyaya za karibu. "Mama Zawadi, kumbe watoto bado wamo!" wakacheka.

Sikukataa. Kusema kwamba natokwa damu kiasi kile niliona aibu, na nyaya za mbali nilikuwa siziwezi tena.

Juzi kizunguzungu kikanikalisha kwenye matope. Jana nikaenda kituo cha afya mjini. Mimba hakuna, wakasema, ila damu yangu imepungua sana. Wakanipiga picha ya tumbo, wakakuta kivimbe kidogo kwenye kizazi, si cha kutisha. Mlango wa kizazi wakaukagua, ni salama.

"Mama, umri wa kukoma hedhi umefika," nesi akaniambia, "lakini damu nyingi hivi si ya kuvumilia. Na huo udongo uache."

Akanipa dawa ya kupunguza kutoka damu na vidonge vya kuongeza damu mwilini, nisivinywe pamoja na chai. Nirudi vikiisha.

Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa saratani. Nilipotoka nje nikanunua chungwa, nikalila nimesimama palepale, maji yananichirizika mpaka kwenye kiwiko.

Likabaki la kuwaambia wenzangu. Bila mimba, nyaya za karibu si zangu. Na wakinirudisha za mbali kabla damu haijaongezeka mwilini, kazi itanishinda, nitafunga mizigo.

Leo tulipojikinga mvua chini ya bati la mashine nikasema yote, hata vitambaa. Bi Mwanaidi, Mzigua, ndiye mkubwa wetu. Akanitazama juu mpaka chini.

"Kwa hiyo mtoto hakuna?"

"Hakuna, bibi."

"Na mimi nimeshatenga khanga ya kumbebea!"

Wakaangua kicheko, nami nikacheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

"Sasa mnacheka nini? Mtu anatokwa damu namna hiyo mumpeleke nyaya za mbali, akianguka nani ambebe? Mimi na magoti haya? Mama Zawadi, kaa hapo hapo. Na ungesema mapema, mwanamke wewe."

Basi. Imekwisha hivyo tu.

Sijui nilikuwa naogopa nini. Wote pale wanajua damu ni nini.

Tulipokuwa tunatawanyika, Mama Rehema akanifuata. Tunaanika pamoja kila siku, umri wetu ni mmoja, na hajawahi kunilalamikia hata kuumwa jino. Akatazama pembeni, akaniuliza kituo kinafunguliwa saa ngapi.

Sikumuuliza kwa nini. Jumatatu tunakwenda wote. Nitatembea polepole, na sidhani kama yeye ataniharakisha.