Ukuta Nilioubomoa kwa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Vumbi tena. Liko kwenye chai, liko kwenye nywele, liko kitandani. Fundi Shivachi ameanza kukwangua rangi ya zamani sebuleni. Chini ya kijani kuna samawati, chini ya samawati kuna waridi. Marehemu Baba alipaka kila alipopata mkebe, bila kujali jana alipaka nini. Nimezipiga picha zote kabla hazijaisha.

Huko Nairobi kazi yangu ni kupanga nyumba za watu. Rangi, taa, viti, mapazia. Kuna watu wanaoenda kupumzika Naivasha wikendi, wanalala kwenye vitanda nilivyochagua mimi. Mama yangu, hapa Khayega, analala chini ya dari ya nailoni iliyotoboka. Nimechukua likizo ndefu. Sasa ni zamu yake.

Sakafu nyekundu haiguswi. Itasuguliwa tu mpaka ing'ae. Hilo nimeliamua.

Jumatano, 5 Machi

Tumebomoa ukuta!

Ule wa nyuma ya sebule. Nyuma yake kulikuwa na kiukumbi chenye giza, mlango wa chumba cha Mama upande mmoja, jiko la ndani upande wa pili. Watu walikuwa wanapapasa humo mchana kama vipofu. Nyundo ya Shivachi ilipotoa matofali ya kwanza, jua likaingia sebuleni kutoka nyuma. Tangu nyumba hii ijengwe jua halijawahi kufika pale. Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi.

Ukikaa kwenye kochi sasa unaona nyumba nzima mpaka migomba ya nje. Hivyo ndivyo ninavyopenda nyumba. Hewa, mwanga, hakuna kujifichaficha.

Nilimuuliza Mama kabla. Aliutazama ule ukuta, akasema, "Wewe ndiwe umesomea." Nikaichukua hiyo kuwa ndiyo. Jioni alikuja kuona, akasema imekuwa kubwa, akaenda kutafuta kuni.

Ijumaa, 7 Machi

Vita vya vitambaa. Mama ana vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, kila meza, mpaka juu ya redio. Nimevitoa, nimevifua, nimevikunja kabatini. Nimerudi kutoka sokoni nikavikuta vimeketi mahali pake. Nikatoa tena. Akarudisha. Tumeishia kubakisha vinne, na sijui ni nani alishinda.

Jumapili, 9 Machi

Mama analala jikoni. Si jiko la ndani, lile la nje, la udongo, lenye mafiga. Ametandika mkeka na godoro lake la zamani huko. Anasema ni harufu ya rangi. "Mimi nalalanga tu vizuri huku. Moto uko." Sawa. Rangi inanuka kweli.

Baada ya ibada akina mama wa kanisa walikuja kuona nyumba. Wamesifu mwanga, wamesifu sakafu. Mama Beatrice, jirani yetu, akatazama kule nyuma, akauliza, "Na wageni wakikuja?" Nikamwambia viti vinatosha, hata wakija wengi. Wakaangaliana, wakacheka, wakaanza kuongea habari za mbolea. Sijaelewa kichekesho kilikuwa nini.

Jumatano, 12 Machi

Harufu imeisha. Nimenusa kuta zote kwa pua yangu mwenyewe.

Mama bado yuko jikoni.

Nimemwekea kitanda kipya, godoro zito, mashuka ya pamba, taa ndogo kando ya kusomea Biblia. Alipapasa shuka, akasema Mungu anibariki, akatoka. Nimekasirika. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia: nimekasirika sana. Halafu chini ya hasira kuna hofu. Kifua chake hakipatani na moshi, daktari alishasema. Nimekuja kumtengenezea mahali pa kuzeekea, na kumbe nimemfukuza. Hii nyumba itakuwa ya kupigwa picha tu, na mwenyewe atakohoa huko nje mpaka lini?

Alhamisi, 13 Machi

Ayuma amepiga simu. Mdogo wangu. Ameolewa Lugari, mumewe Wekesa ni mkulima wa mahindi. Wanakuja Jumamosi kuona kazi yangu. Nimeruka kwa furaha.

Mama aliposikia, akaanza kusema ni kitambo hajaenda Navakholo kumwona dada yake. Jumamosi hiyohiyo! Binti yake anakuja, yeye anatafuta njia ya kutoroka. Uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia kama anaichukia nyumba aseme tu. Aliendelea kukatakata mboga, nyembamba, nyembamba, mpaka nikaona aibu nikatoka.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike yote.

Mama hakwenda Navakholo. Walifika mvua ikianza. Ayuma akaingia, akapiga vigelegele vya dari mpya. Wekesa akafika mlangoni, akachungulia, akarudi nyuma. Akasimama chini ya mabati ya nje, matone yakimlowesha bega. Nikamwita, "Shemeji, ingia ndani, unanyeshewa!" Akasema, "Niko tu sawa, shemeji." Nikamshika mkono kumvuta. Nilimvuta kweli! Mtu mzima akajishikilia kwenye nguzo kwa aibu.

Wakati huohuo Mama akatoka jiko la ndani na chupa ya chai. Akamwona Wekesa. Akageuka papo hapo, akatokea mlango wa nyuma, akajifungia jikoni kwake.

Ayuma hakunigombeza. Alinikalisha kwenye kochi, mahali pa mgeni, akasema, "Angalia mbele."

Nikaangalia. Kupitia mlango wa chumba, kitanda cha Mama. Shuka nililochagua mimi. Kanga yake ya kulalia kwenye msumari. Upande wa pili, jiko analoinamia akipika.

"Sasa Wekesa akae hapo aangalie kitanda cha mama mkwe?"

Nilijua. Hapa nani asiyejua? Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, na upande anakolala mama mkwe mwanaume hatupi hata jicho. Lakini mimi sijaolewa, na mila hiyo nilikuwa nimeiweka kwenye mambo ya harusi. Sikuwahi kufikiri kwamba ule ukuta wenye giza ndio ulikuwa unaibeba. Na Mama angeniambiaje? Aketi na binti yake waanze kujadili kitanda chake na mkwe wake? Kwake kulisema tu ni aibu tosha. Akabeba godoro akahama, basi.

Wekesa amekula kuku wake ghalani, kati ya magunia, akisema hajawahi kula ingokho tamu namna hiyo. Ni mtu mzuri. Wameondoka mapema.

Jumapili, 16 Machi

Sikuenda kanisani. Nimejiona mjinga.

Jumatatu, 17 Machi

Shivachi yuko tayari kurudisha matofali. Nimekataa. Giza lile sirudishi, na si kwa kiburi, Mama anajikwaa humo. Lazima kuna njia.

Nimeenda jikoni, nimekaa chini karibu naye, macho yakiwasha moshi. Safari hii sikumuuliza kama anapenda nyumba. Nilimuuliza, "Mama, mkwe akiwa sebuleni, wewe unataka kuwa wapi?"

Akaziba mdomo kwa mkono, akacheka kama msichana. Akasukuma kuni ndani ya moto. Nikadhani nimeharibu tena. Halafu akasema, "Hapo tu nyuma. Nataka nimusikie. Sitaki anione."

Wateja wangu wote wa Nairobi, hakuna aliyewahi kuniambia anachotaka kwa uwazi hivyo.

Jumamosi, 22 Machi

Mbao. Mbao za msaiprasi, ndefu, zimesimama wima kutoka sakafuni hadi darini, pale pale ukuta ulipokuwa. Kila ubao umegeuzwa mshazari. Mwanga unapita, sauti inapita, jicho linagonga mbao.

Yaani, ndivyo ilivyopaswa kuwa. Tulizigeuza vibaya. Kutoka kwenye kochi huoni kitu, lakini ukisimama mlangoni kitanda kiko wazi kabisa, pamoja na mto. Mama ndiye aliyegundua. Alijitolea kuwa Wekesa. Alikaa kwenye kochi, akapanua miguu, akakohoa kwa sauti nzito, akauliza chakula kiko wapi. Shivachi alicheka mpaka akaangusha randa. Halafu Mama akaenda mlangoni, bado ni Wekesa, akapiga kelele, "Woi! Nimeona!"

Tumezing'oa zote. Jumatatu tunaanza upya, na mlango wa chumba chake tunauhamishia ubavuni. Nilipaswa kukata tamaa. Sikukata. Ni mara ya kwanza ameigusa nyumba hii kama yake.

Ijumaa, 28 Machi

Kazi imekwisha. Asubuhi mbao zinachora mistari ya mwanga kwenye sakafu nyekundu. Nimezipaka mafuta tu, rangi hapana.

Mama bado jikoni. Sijamuuliza. Nimejifunza kunyamaza, ingawa inaniwasha.

Jumapili, 6 Aprili

Ayuma na Wekesa wamekuja baada ya kanisa.

Wekesa alisimama kizingitini, kofia mkononi. Akatazama mbele, kulia, kushoto. Akaingia. Akaketi. Akaegemea.

Nyuma ya mbao tulisikia kifuniko cha sufuria, halafu kimya. Nikajua Mama amesimama tu. Ayuma alinifinya paja.

Halafu sauti ya Mama ikatoka kule nyuma, kavu kidogo: "Mukwe, hujambo? Huko Lugari mumepanda?"

Wekesa akainua mgongo. Akajibu akitazama sakafu, kwa mazoea. Wamepanda, mvua ilichelewa, mbegu nyingine wamerudia. Mama akauliza wamerudia mbegu gani. Akamweleza. Akauliza ng'ombe. Akauliza mama yake Wekesa. Wekesa naye akauliza kuku, akasema ghalani alikula vizuri lakini magunia yalikuwa yanamsikiliza sana. Mama akacheka. Akacheka kwa sauti, na mkwe wake akasikia, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Tangu Ayuma aolewe, wale wawili walikuwa wakisalimiana kupitia kwetu. Leo tumenyimwa nafasi hata ya kusema chai imepoa. Walikuwa na mengi. Nililia, na leo sikusingizia kitu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua ilinyesha alfajiri, imekatika. Nimeamka mapema kwenda jikoni kuzoa majivu na kuwasha moto. Mahali godoro lilipokuwa kumepangwa kuni.

Nimechemsha chai mwenyewe. Sijataka kugongagonga vikombe. Mama bado amelala, ndani.