Majani ya Maharagi kule Ntoto

Mujukuu wangu Neema,

Hapa Masisi wote tunakusalimia. Ng'ombe ya papa yako imezaa. Unaniuliza kama kazi yako ya kujitolea huko ng'ambo imesaidia kitu, sasa unapojitayarisha kurudi.

Wakati wa Wabelgiji, nikiwa musichana, kanisa ilinituma Ntoto, katika pori ya Walikale, nifundishe wamama kulima maharagi yetu ya milimani. Yalitoa majani tu, hayakuzaa. Siku ya kuondoka nilifunga mizigo mapema, kwa haya. Mama aliyenipokea kwake akanishika mukono: "Kaa kwanza, ukule." Alikuwa amepika yale majani na mawese.

"Ulituletea mboga," akasema.

Niliweka mizigo chini, nikakula.

Neema, usiharakishe kufunga mizigo. Kaa, ukule kile watakupikia.

Mimi koko yako.