Yusufu Alipotoa Mji wa Entebbe

Makongeni, Nairobi
Mwezi wa Rajabu

Kwa kaka yangu Salim, Kibokoni, Mombasa.

Assalaam aleikum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na Mama miguu yake imepungua kuvimba, na wifi yangu kile kikohozi kimemwacha. Mimi sijambo, ila mwili ni mzito. Mimba imeingia mwezi wa nane na huyu aliyemo tumboni hana adabu, anapiga mateke hata nikiwa kwenye swala. Yusufu naye hajambo. Najua hukumuuliza katika barua yako, lakini nakujibu.

Barua hiyo niliipata Ijumaa. Niliisoma nikiwa mlangoni, nikaingia ndani nikairudia, kisha nikakosa pa kukaa. Mwanzo wake ulinifurahisha. Uliandika nije nyumbani kuzaa, maana mimba ya kwanza mtu huzalia kwa mamake, na mimi tangu mwaka jana sina ndoto nyingine. Halafu ukageuza kalamu. Nikija nisirudi. Mwambao utajitenga na Kenya, utakuwa na bendera yake na mji wake mkuu, na mume wangu atakuwa mgeni wa nchi nyingine, "kwa sababu mwenyewe alikiri mbele ya watu kwamba yeye ni mtu wa Uganda." Ala! Kaka, wewe uliyemaliza skuli, unayesoma magazeti mpaka matangazo ya minada, ndiyo umechukua neno la kwenye vitendawili ukalifanya ushahidi?

Maana ni vitendawili vile vya jioni ulipokuja kututembelea, si kitu kingine. Tulikuwa kibarazani: wewe, mimi, Yusufu, na jirani yetu Mama Achieng', mtu wa Kisumu, ambaye mumewe yuko karakana ya reli. Nilikueleza mapema kwamba sisi watu wa reli tumeongeza sharti letu. Aliyeshindwa kitendawili akiambiwa "nipe mji," hatoi mji wowote tu, lazima utoke katika miji ambayo serikali inakaa au imewahi kukaa. Ndiyo maana Mama Achieng', ambaye hajafika mbali zaidi ya Nakuru, anajua kwamba Uganda inatawaliwa kutoka Entebbe wala si Kampala, na kwamba Wajerumani walikaa Bagamoyo kabla hawajahamia Dar es Salaam. Waume zetu huyaokota hayo relini, sisi tukayamalizia kibarazani.

Basi ukatega kile chako cha pweza. Yusufu amezaliwa chini ya mlima Elgon, pweza atamjulia wapi? Akashindwa.

"Nipe mji," ukasema.

"Nakupa Mombasa."

Na alikuwa na haki ya kuutoa, maana serikali ya Kenya ilikaa Mombasa kabla haijapandishwa huku Nairobi. Wewe ukamkatia. "Mombasa huna, shemeji. Mombasa ni ya Seyyid wa Unguja, Mwingereza amekodi tu. Toa mji wa kwenu."

Yusufu akanitazama. Nilimwona amechomwa, lakini mume wangu si mtu wa kugombana na mgeni aliyemkaribisha mwenyewe. Akacheka. "Haya, chukua Entebbe. Baba yangu alizaliwa Uganda." Mama Achieng' akapiga makofi: "Na wangu pia! Kumbe sote Waganda hapa!" Tukacheka mpaka nikashika tumbo. Wewe hukucheka, ukainua kikombe chako cha kahawa, nami nikadhani ni uchovu wa safari. Kumbe ulikuwa unaokota neno la kumpelekea Mama.

Sasa nisikilize, maana ulikuwa na haraka ya kukasirika hukungoja maelezo. Zamani Uganda ilikuwa inafika mpaka huku karibu na Naivasha. Kisumu ilikuwa Uganda. Kwa kina Yusufu kulikuwa Uganda. Kisha Wazungu wakakaa na ramani yao, wakaukata upande ule wote wakaupa Kenya. Baba mkwe wangu alikuwa kijana analima shamba la babake. Alilala Uganda akaamka Kenya, na jembe ni lile lile. Hakumtenga mtu, hakujitenga na mtu, wala hakuulizwa. Mzee hucheka akilisimulia jambo hilo, na mwanawe amerithi kicheko chake. Hicho ndicho ulichokiita kukiri.

Treni ambayo Yusufu ni gadi wake inaendeshwa na Mpanjabi mmoja, mtu wa Lahore. Alipoondoka kwao mji mkuu ulikuwa Delhi. Nchi ikapasuliwa yeye yuko huku Afrika, na leo mji mkuu wa kwao ni Karachi. Ana dada aliyeolewa upande wa pili, uliobaki chini ya Delhi. Hawajaonana tena tangu hapo, na barua zao zinazunguka wee ndipo zifike. Yusufu aliponihadithia nilisema maskini, nikaendelea kuchambua mchele. Ijumaa, na barua yako mkononi, nilimkumbuka yule dada nikalia.

Na huo Mwambao wako wa maili kumi kutoka baharini, yakhe, mji wake mkuu utakuwa wapi? Mombasa? Watu wa Lamu watakubali lini? Unguja? Basi hapo hamjajitenga, mmebadilisha mwenye nyumba tu. Bendera nyekundu ya Sultani unayoniandikia kwa wino mzito naijua, nimekua nikiiona. Inapepea juu ya ngome, na ndani ya ngome kuna jela. Wafungwa wale ni watoto wa mjini kwetu, na sijasikia hata mmoja aliyefunguliwa kwa sababu ya bendera.

Sikwambii kwamba huku ni raha. Tunaishi chumba kimoja, mfereji ni wa safu nzima ya nyumba, na vumbi la reli linakaa juu ya sufuria. Sikwambii pia kwamba wanatupenda. Siku chache kabla ya barua yako askari waliingia hapa kukagua vipande vyetu vya kitambulisho, kama ilivyo desturi yao tangu serikali itangaze hali ya hatari. Mmoja akaniuliza, "Kabila?" Nikamwambia Mswahili. Akasema, "Hilo si kabila. Kwenu ni wapi?" Mombasa. Akawageukia wenzake akicheka, "Huyu ni wa Sultani, Kenya amekuja kufanya nini?" Nilisimama pale na tumbo langu, watu wote wa safu wakinitazama. Kwa hiyo uchungu wako naujua, Salim. Watu wa bara wanatudharau, ni kweli, na siku hiyo hata mimi ningeipandisha bendera yako kwa mikono yangu. Lakini Mama Achieng' alikuja akasimama kando yangu akamwambia yule askari, "Huyu ni wetu, andika uende zako." Jioni ile nilijiona nina kwetu. Ijumaa barua yako ikaninyang'anya kule kwingine.

Ndiyo unachokifanya, elewa. Askari ananiambia mimi si wa hapa, na wewe unaniambia nitakuwa wa huko nikimwacha mume. Yusufu alibadili dini kwa ajili yangu. Nduguze hawakumsemesha kwa muda mrefu. Anafunga, anaswali, na bado anatamka alhamdulillahi kama anameza muhogo mkavu, nami namcheka, lakini hajaacha hata siku moja. Wewe ulikuwa shahidi wa nikaha yetu. Ulimshika mkono ukamwita ndugu. Udugu huo nao una mpaka wa maili kumi?

Sitakuja. Sitaingia nyumba ya Baba kwa sharti la kumfanya mtoto wangu yatima na babake yu hai. Nitazalia hapa hapa, na Mama Achieng' atanishika mgongo. Lakini naogopa, kaka. Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Usiku nahesabu wanawake tunaowajua waliojifungua wasiinuke tena kitandani. Mama Achieng' ni mwema mno, lakini si Mama. Ninachotaka ni kitu kimoja: Mama apande treni aje kwangu, anikande, anifunge tumbo, akae mpaka arobaini. Najua hatoki bila wewe kusema ndiyo. Tangu Baba afariki hafungui hata dirisha bila kukuuliza.

Nisalimie wifi yangu, mwambie ile dawa ya mdalasini na asali asiiache. Msalimie shangazi wa Kuze aliyenisuka siku ya harusi, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mwambie mwanafunzi wake mtukutu bado anasoma Yasini kila Alhamisi. Mama usimsalimie kwa niaba yangu. Msomee barua hii yote, pamoja na mahali nilipokutukana.

Na jambo la mwisho. Barua yako sikumwonyesha Yusufu. Nilishindwa. Nilimwambia umetuma salamu na kwamba Mama ananitaka, akafurahi mpaka akatoka mbio kwenda kumnunulia leso. Wewe unamwandika mgeni, na kazi yake ni ugadi wa treni ya mizigo, kila wiki analala Mombasa. Barua hii sikuitia posta. Aliyekupa mkononi ni yeye. Sasa hivi amekaa barazani kwako, leso ya Mama iko mapajani, anangoja umalize kusoma umwambie siku ya safari. Hajui hata neno moja la uliyoniandikia. Basi inua uso, Salim, umwambie wewe. Ukishindwa kama nilivyoshindwa mimi, mwite Mama, umwambie afunge mzigo aje kwangu.

Dadako,
Mwanaisha