Wadudu wa Saipresi Niliowaona Nikanyamaza

Mpendwa Mama Njeri,

Sijui uko wapi siku hizi, ndiyo maana naiandika barua hii wazi, aisome yeyote anayekujua. Mimi ni Mama Chebet, yule mke wa jirani yako wa Kedowa.

Unakumbuka nilipoletwa pale nikiwa bi harusi, ukawa wa kwanza kunisalimia kupitia ua wa saipresi? Ua huo ulikuwa mpaka wa mashamba yetu. Baba mkwe na marehemu mume wako waliupanda pamoja, na kila mmoja alikata matawi ya upande wake tu. Mimi na wewe tulipeana chumvi na makaa ya moto kwenye pengo karibu na kamba yako ya nguo. Ulinicheka kwa jinsi nilivyoogopa kila kitu, hata jogoo wako.

Kisha miaka ya tisini ikaja, watu wakaanza kuulizana nani ni wa kabila gani na ametoka wapi. Wakati huohuo saipresi ikaanza kugeuka kahawia. Ilianzia ndani, karibu na shina, ikaja nje polepole, matawi yakafa moja baada ya jingine. Upande wetu ulikauka haraka, wako ukabaki kijani. Baba mkwe aliuangalia kila asubuhi baada ya kukamua ng'ombe, kisha akautazama upande wako.

Mchana mmoja uliniita, foronya nyeupe mkononi.

"Shika hii hapo chini ya tawi, mama. Shika vizuri."

Ukatingisha tawi. Yakaanguka majani makavu, na katikati yake vitu vidogo vya kijivu vikaanza kutembea. Nilitaka kuitupa foronya.

"Si unaona tududu? Hizi ndizo zinamaliza mti. Kama ni dawa imemwagwa, vile watu wanasema, hii nyasi hapa chini si ingekufa pia?"

Nyasi ilikuwa mbichi kabisa. Ukanionyesha majani yanayonata, weusi kama masizi juu yake, na sisimizi wakipanda kufuata utamu unaotoka kwa wadudu hao. Nikaelewa.

Siku mbili baadaye wazee walikaa kwetu. Nilikuwa nikimimina chai.

"Huyo mama ameonekana akimwaga beseni hapo kwa ua," baba mkwe akasema. "Anaweka dawa. Anataka ua ife, asongeshe boda iingie kwetu."

Yalikuwa maji ya kufulia, Mama Njeri. Nilikuona kila Jumamosi ukiyarusha kwenye matawi, na sasa naamini ile sabuni ndiyo iliyowaua wadudu wa upande wako. Lakini kwetu mke wa mtoto haingilii maneno ya baba mkwe mbele ya wazee. Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa wangeniuliza nilikuwa nafanya nini kwako. Nikaongeza chai.

Wazee wakakubaliana naye kwamba uhame, na Jumatatu ukapakia godoro na masufuria kwenye pikapu. Ulinitazama, nami nikajifanya nachambua mboga.

Mwaka uliofuata saipresi zilikauka kila mahali, hadi kule Mogogosiek, hata ua wa kanisa letu ambao haupakani na shamba la mtu. Baba mkwe alisimama mbele yake akasema, "Kumbe." Basi. Hakuna aliyekutafuta.

Juzi nimesikia binti yako Njeri ameonekana sokoni akiulizia shamba lenu. Tangu hapo, nikisikia gari naingia jikoni nafunga mlango. Mkirudi nitafurahi, lakini naogopa utakachoniuliza. Naogopa sana.

Basi leo asubuhi nilimfuata baba mkwe zizini. Siku hizi anatembea kwa fimbo. Nilimweleza yote, ile foronya, wadudu, maji ya sabuni, bila kumtazama usoni. Aliiweka ndoo chini, ng'ombe akilia akitaka kukamuliwa.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Na ukaniacha nimfukuze?"

Nikachukua ndoo nikamkamulia ng'ombe, kisha nikaja kukuandikia. Nisamehe ukiweza, Mama Njeri. Kaeni salama, wewe na binti yako.

Jirani yako,
Mama Chebet