Sarafu za Sabini na Sita

Jumapili, 3 Machi

Makopo saba yamekwisha. Sarafu elfu tatu na tisa, zote za senti hamsini, kuanzia mwaka sabini hadi themanini na tano. Mgongo unauma kama nimeshinda shambani. Na za mwaka sabini na sita ziko tisa. Tisa tu!

Nimerudia hesabu, safari hii kwa sauti, maana hakuna wa kumkera. Miaka mingine kumi na mitano inagawana sawa kabisa: huu mia na tisini na kitu, huu mia mbili na kumi, wastani mia mbili. Katalogi ya sarafu inasema kiwanda kilitoa idadi karibu sawa kila mwaka. Basi za sabini na sita zimekwenda wapi? Ziliyeyushwa? Zilirudishwa kimyakimya? Miaka thelathini nimekuwa karani wa takwimu, nimepanga mvua za watu, ng'ombe wa watu, vifo vya watu. Leo nimepata kitu changu mwenyewe.

Nilitaka kumwambia mtu. Nimemwambia redio.

Jumatano, 6 Machi

Naandaa maelezo ya Jumamosi. Kikundi chetu ni watu watano, tunakutana saluni kwa Kinyozi baada ya wateja kupungua. Tunaoneshana sarafu, tunabishana, tunarudi makwetu. Ni saa mbili kwa wiki. Saa nyingine zote nazijua mwenyewe.

Nimeandika: "Usitazame kiwanda kilitoa ngapi. Tazama zimebaki ngapi. Chota sarafu nyingi bila kuchagua, zihesabu kwa mwaka, linganisha." Imekaa vizuri. Nimeisoma mbele ya kioo, nikajiona kama mwalimu mkuu.

Jirani wa zamani amepita kuchukua ungo wake. Kasema alimwona mdogo wangu sokoni, amekonda kidogo, bado anashona mapazia, sasa nyumbani kwake ng'ambo ile ya mji. Nikasema, sawa. Nikamfungia ungo kwenye mfuko. Alipoondoka nikakaa kitandani na viatu mguuni.

Miaka mitatu hatujasemeshana. Duka la mapazia lilikuwa letu wote, yeye cherehani, mimi daftari na kopo la chenji. Kopo likawa linapungua kila wiki, senti hamsini kadhaa, si kitu, lakini linapungua. Nikamuuliza mbele ya mteja. Yaani sikuuliza, nilisema: mkono unaoingia humu ni wangu na wako, na wangu naujua. Akakunja kitambaa alichokuwa anakikata. Akakikunja vizuri, pembe kwa pembe. Akaondoka. Duka tukalifunga, sarafu ambazo benki ilizikataa kwa kuwa ni chenji ndogo nikazisukuma chini ya kitanda, na ndizo hizi ninazozihesabu.

Namkumbuka sana. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 9 Machi

Aibu.

Nilianza vizuri. Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu, hasifu mtu, lakini leo alitikisa kichwa kila nilipotaja namba. Nilipomaliza akasema nimpe tatu kati ya zile tisa, yeye atanipa ile yake ya tundu katikati aliyorithi kwa babu yake. Ile! Wenzake wakaguna. Nilihisi mwili mzima una joto. Nikafikiri, sasa hawa hata nikiugua watakuja kunijulia hali.

Kinyozi alikuwa anapangusa mkasi. Akaenda nyuma ya pazia la saluni, akarudi na kopo lake la chenji, akalimwaga kwenye meza ya vioo. "Tuhesabu na hizi, dada mkubwa. Tujifurahishe tu."

Mia nne na kumi na mbili. Kwa hesabu yangu angepata moja ya sabini na sita, akibahatika mbili. Akapata ishirini na saba. Alikuwa anazitoa bila hata kusoma mwaka, anaziokota kwa vidole, hii, hii na hii. Nikamuuliza anajuaje. Akasema ni nzito kuliko wenzake, mkono unajua. Nikafungua katalogi. Chini kabisa, kwa herufi za kipimo cha chawa: mwaka huo zilitengenezwa nene kidogo. Nimeimiliki katalogi hiyo miaka miwili!

Nikasema kopo lake ndilo lenye kasoro. Nikasema sampuli ndogo haithibitishi kitu. Nilijisikia nikiongea na sikuweza kunyamaza. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, na huruma ya Mwenyekiti inauma kuliko kelele zake. Akauliza jambo moja tu: "Makopo yako yamepita mikono ya nani?"

Jumapili, 10 Machi

Sikutoka. Nimepika kwa kipimo kilekile cha watu wawili. Kilichobaki nimekila jioni kikiwa baridi.

Jumanne, 12 Machi

Swali la Mwenyekiti ni swali sahihi, ndiyo maana linanikera. Nilikuwa nawafundisha vijana kazini: kabla ya kuiamini sampuli, uliza nani ameigusa. Haya. Sikuigusa kwa kuchagua. Kwa hiyo ameigusa mdogo wangu.

Kwa hiyo alichukua kweli. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo!

Nimengoja nifurahi. Nimekoroga chai mpaka imepoa.

Halafu nikajiuliza: mtu anayeiba chenji, kwa nini aibe za mwaka mmoja? Senti hamsini ni senti hamsini. Kwa wastani zingetakiwa ziwe mia mbili, ziko tisa, zimepotea mia na tisini na moja, na miaka mingine haikuguswa. Huyo hakuwa anachukua pesa. Alikuwa anachukua uzito. Mshonaji anataka uzito wa nini?

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi nimeshusha mapazia ya sebuleni kuyafua. Si kwamba yalikuwa machafu. Nilihitaji kazi ya mikono. Nikatia la kwanza kwenye beseni la bati. Pembe ikagonga — ti!

Nikalitoa. Nikalitia tena. Ti.

Nikaketi sakafuni maji yakinichuruzikia, nikapapasa upindo. Pembeni kuna kitu cha duara, kimeshonewa ndani kwa mshono wa siri, mdogo mdogo, ule wake ambao wateja walikuwa wakiutafuta hawauoni. Nikaenda kuchukua wembe. Nikatoboa kitambaa mahali pawili. Sarafu. Sabini na sita.

Ili pazia lining'inie wima, lisipeperuke hovyo. Kila kipande pembe mbili za chini. Kila dirisha vipande viwili. Nne kwa dirisha.

Nimefumua nyumba nzima. Madirisha matatu, sarafu kumi na mbili, zote za sabini na sita. Nikashika kalamu nikokotoe uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati, nikaitupa kalamu. Nikaenda kwenye madaftari ya duka. Kopo lilipungua nne. Wiki nyingine nane. Kumi na mbili. Nne. Nane. Mwaka mzima, nne nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimezipigia mstari mwekundu. Mtakwimu mzima! Namba zilikuwa zinaniambia ni madirisha, mimi nikasoma mwizi.

Hakujichukulia hata moja. Aliweka hata kwenye mapazia yangu, nami nimelala chini yake miaka mitatu nikimwita mwizi moyoni.

Nimelia. Sijui nilipaswa kuandika kwa namna gani nyingine.

Ijumaa, 15 Machi

Madirisha yako wazi, nimebandika magazeti. Mpita njia mmoja amesimama kusoma habari za mwaka jana.

Jumamosi, 16 Machi

Nilienda. Nilitaka nisiende, lakini deni la uongo lilikuwa langu. Nikasimama, nikasema takwimu zangu ni batili, sampuli ilichaguliwa kwa mkono kabla haijanifikia, na Kinyozi alikuwa sahihi. Nikamwomba Mwenyekiti asahau ile ya tundu.

Wakataka kujua imechaguliwa na nani. Nikawaambia. Yote, mpaka lile nililomwambia mbele ya mteja.

Kinyozi akazima feni, sijui kwa nini. Kisha yule mama wa stempu, aliyekuwa akikusanya stempu kabla ya kuhamia kwenye kikundi chetu, akasema kwao pia mapazia yalishonwa dukani kwetu na yananing'inia kama askari gwaridani. Watu wakacheka kidogo, na mimi.

Mwenyekiti alikuwa bado kwenye hesabu. Akasema kama zimo mapaziani, hazizunguki, basi mtaani kwetu kweli zimepungua, swali ni kwa kiasi gani. Nikasema mia na sabini na tisa ukitoa za kwangu, kama madirisha arobaini na tano hivi. Akasema hiyo ni ya kopo lako tu. Huyo mshonaji ana makopo ya wateja, ana chenji za sokoni. "Huwezi kukisia. Kamuulize mwenyewe."

Akanisindikiza mpaka njia panda. Kabla hatujaachana akasema yeye na kaka yake hawakusemeshana miaka kumi na moja, kwa sababu ya jiwe la mpaka. Nikamuuliza ikawaje. Akasema kaka alifariki mwaka wa kumi na mbili. Akanipa mkono akaenda zake.

Jumapili, 17 Machi

Namba yake nimeipata kwa mama wa stempu. Nimeiandika kwenye karatasi, nimeizunguka kama paka. Saa nne na dakika kumi nikapiga.

Nilikuwa nimepanga maneno. Alipopokea, cherehani ikasimama nyuma yake, akasema, "Nani mwenzangu?" Nikasema ni mimi. Halafu, badala ya yale maneno, nikasema nina swali la hesabu.

"Bado unahesabu, dada."

Nikamwambia nimezikuta kwenye pindo. Nikamwambia za kwangu ni kumi na mbili na zilizobaki ni mia na sabini na tisa, na kwamba daftari lilikuwa linasema nne nne nami sikuona. Akasema alinieleza. Mara mbili. Mara zote nilikuwa na kopo mbele yangu, nikamnyooshea kiganja anyamaze nisipoteze hesabu. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Kiganja hicho nakikumbuka. Ni kweli.

Nikamwomba radhi. Nikasema nilimwita mwizi mbele ya watu na hakuwa mwizi, na nyumba hii ni kubwa mno. Akavuta pumzi. Kisha akauliza nimefumua mangapi. Yote, nikasema. Akauliza kwa kutumia nini. Kwa wembe, nikasema. Wembe! Madirishani kuna nini sasa? Magazeti. Nilisikia kitu kama kicheko, au kikohozi, simu yangu ni mbovu.

"Usiyashone mwenyewe," akasema. "Utayaharibu zaidi."

Nikasema sitayagusa. Akasema ningoje kidogo, kuna mtu mlangoni.

Sasa nangoja. Simu iko mezani, spika imefunguliwa, daftari hili kando yake. Hajakata. Dakika sita. Namsikia anaongea na mteja, mwanamke, anataka mapazia ya harusi ya binti yake, anayataka wiki hii. Mdogo wangu anamwambia wiki hii haiwezekani, ana nyumba nzima ya kushona. Mteja anauliza ni nyumba ya nani hiyo inayomshinda yeye mwenye harusi.

Nasikia mlango unafungwa. Nasikia hatua zinarudi kwenye simu, naweka kalamu chini.