Mawese Kwenye Winchi Yako

Murubona, Kasulu
12 Aprili 2025

Mpendwa Kaka Ndihokubwayo,

Amahoro. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Tanga, wewe na shemeji Immakulata na mtoto wetu Divine. Joto mmelizoea, au shemeji bado analalamika? Sisi hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, lakini jua likitoka anakwenda shambani na kurudi akitugombeza, kwa hiyo ujue ni mzima. Mvua ni nzuri na maharage yameshika.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kwenye simu nimekudanganya mara nyingi, kaka, hata ulimi umezoea.

Ni habari ya winchi yako. Ulipofunga gereji ya Kibondo na kuhama, uliniachia ile winchi ya mnyororo, ukaniambia niitunze kama mtoto. Kila ulipouliza nilijibu ipo ndani, imefunikwa. Haikuwa kweli. Mahindi yalipojaa stoo niliitoa, ikakaa nyuma ya jiko masika matatu. Mama alikuwa anafunga mbuzi kwenye ndoana yake. Mnyororo uligandana kwa kutu, haukunyooka tena.

Mwaka jana uliposema nimpelekee Khamisi, uliyefanya naye kazi miaka kumi na moja na aliyeifungua tena gereji yako, nilishikwa na aibu. Siku tatu niliisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Nikafungua na kifuniko. Ndani nikakuta visahani vya breki vikavu kabisa, nikadhani vimekauka kwa uzembe wangu. Unakumbuka Mama alivyotulea: kiangazi jembe halilali bila kupakwa mawese. Basi nikaipaka mawese winchi nzima, nje, ndani, mpaka kwenye breki. Ikang'aa. Khamisi alipoipokea alikusifu wewe, si mimi.

Septemba akainua nayo injini ya lori. Ilipofika usawa wa kifua ikaanza kushuka yenyewe. Wenzake waliruka pembeni, lakini yeye alikuwa ameishika kwa mkono wa kulia, anaielekeza. Hospitali walimkata vidole vitatu.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa amegeukia ukutani, akaniambia, "Ndiho alijua chuma chake ni kibovu, akanitupia mimi."

Nilikuwa namenya chungwa nililompelekea. Niliendelea kumenya. Wakati ule sikujua kosa ni la mawese, ila nilijua winchi ilitoka nyuma ya jiko langu, nikanyamaza. Nimekuwa na aibu maishani, kaka, lakini ile ya chungwa hainitoki.

Ndiyo sababu hapokei simu zako. Uliponiuliza, nikasema mtandao wa Kibondo unasumbua. Miezi saba nausingizia mnara wa watu.

Mwezi Februari nilishindwa kuvumilia. Nikaifuata winchi gerejini kwa Khamisi, ilikotupwa pembeni, nikaibeba hadi Buhigwe kwa mzee Mpawenimana, yule fundi wa mashine za kusaga. Alifungua kifuniko, akanusa, akauliza kama tulikuwa tunakaangia dagaa humo. Nilipomweleza yaliyompata Khamisi aliacha kucheka. Akasema breki ya winchi inashika kwa sababu ni kavu, ukiitia mafuta umeiua. Halafu akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na sikumwuliza ana maana gani.

Tuliifumua yote. Tukaosha kila kipande kwa petroli, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka harufu ya mawese ikaisha. Akaweka visahani vipya na ndoana mpya, maana ya zamani ilishaanza kufunguka mdomo. Kisha tukatundika injini chakavu tangu asubuhi hadi jioni, na alama ya mkaa kwenye mnyororo. Alama haikusogea. Kumbe ingewezekana tangu mwanzo, ningeuliza tu. Nililia mbele ya mzee wa watu.

Jumatatu iliyopita nikampelekea Khamisi. Nilimweleza yote, na mbuzi nikamtaja. Alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Vidole nimekusamehe. Lakini umenifanya nimchukie rafiki yangu bure. Hilo kamwandikie mwenyewe, na mimi nisome kwanza."

Kwa hiyo barua hii itapitia kwake, halafu dada yake Shamsia, anayekuja Tanga, atakukabidhi mkononi. Najua maji yakimwagika hayazoleki. Siombi unisamehe haraka. Naomba tu ujue kwamba jina lako nililichafua mimi, nawe hukuwa na kosa.

Mama anawasalimu, anasema Divine aletwe likizo kabla goti halijamlaza. Mke wangu Ininahazwe anamsalimu shemeji sana. Imana awakinge na awape usingizi mzuri, mimi wangu nitautafuta.

Mdogo wako akupendaye, ingawa hakukutendea hivyo,
Niyibizi

Ndiho, mwandiko huu mbaya ni wangu, naandika kwa mkono wa kushoto. Nimesoma yote. Winchi nimeitundika palepale ulipokuwa unaitundika wewe. Nipigie. Nitapokea.
Khamisi